Chai ya Sufuria Moja

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mikaratusi ya Langas, nje kidogo ya Eldoret, wanawake wa zizini walikuwa wameshaamka na kukoka moto. Zizini si jina la utani. Lilikuwa zizi kweli. Mzungu mwenye shamba alipouza akaenda zake, kampuni ya wanunuzi ililichukua shamba lote, na wenye hisa wakahamia na mizigo yao kutoka Murang'a, Nyeri na Nakuru kabla hata sorveya hajaja kugawa ploti. Wakakaa wapi? Wakakaa pale ng'ombe walipokuwa wakikamuliwa. Jengo refu la mawe, paa la mabati, sakafu ya saruji yenye mfereji katikati wa kupitisha mkojo wa ng'ombe. Kila familia ilipewa nafasi ya ng'ombe wawili, ikatundika magunia kuwa kuta, na tangu siku hiyo watu wakaanza kuitana wenye mashamba.

Nduta, binti wa Mburu na Wacera, alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Aliamka mapema kuliko watoto wengine wa zizini, lakini asisifiwe kwa bidii. Aliamka mapema ili asionekane. Nyuma ya gunia, mama yake alichemsha bomba la sindano la kioo ndani ya mkebe juu ya jiko dogo la makaa. Nduta alijikunja kitandani, akapandisha rinda, akauma ncha ya blanketi, akadungwa pajani. Jirani akiuliza jiko la nini kule nyuma, Wacera alijibu kwamba anachemsha dawa ya minyoo ya mtoto. Minyoo ilikuwa na heshima yake. Hakuna mtu zizini ambaye hakuwahi kuwa nayo. Ugonjwa wa Nduta haukuwa na heshima hiyo. Ulikuwa ugonjwa wa sukari.

Sindano ikiisha, ilibaki chai, na hapo ndipo palipokuwa na matata. Kampuni ilikuwa imekataza mtu yeyote kukata mti mpaka ploti zigawanywe. Kwa hiyo kuni zilikuwa haba, na moto mkubwa wa zizini ulikuwa mmoja. Moto huo ulikuwa wa Nabwire, mama yake Nanzala, msichana wa rika la Nduta. Nabwire na mumewe Nyongesa hawakuwa na hisa hata moja. Walikuwa wamemkamulia mzungu ng'ombe kwa miaka mingi, na mzungu alipoondoka hakuwachukua wala hakuwaaga. Wenye hisa walipofika waliwakuta palepale. Basi wakawa wanawadharau mchana na kuwaomba moto asubuhi.

Nabwire alipika chai katika sufuria moja kubwa. Maji, maziwa, majani na sukari vyote vilichemka pamoja mpaka povu likapanda, kama watu wa bara wanavyoipenda. Kila nyumba ilichanga kwa zamu, na kila mtu alikuja na kikombe chake cha bati. Chai ile haikuwa ya kutuliza kiu tu. Aliyeinywa alikuwa amesema, bila kufungua mdomo, kwamba anawaamini wenzake. Aliyeikataa alikuwa amesema kwamba mpishi ni mchafu, au ni mchawi.

Nduta alikuwa ameshaikataa mara moja, zamani kidogo, kabla hajaugua. Aliinusa mbele ya watu wote, akakunja pua, akasema inanuka ng'ombe, na kwamba watu waliolala na mifugo ya mzungu wangejulia wapi kupikia binadamu. Wacera alimchapa kwa mwiko palepale, kisha akamnywesha vikombe viwili huku wengine wakitazama miguu yao. Nabwire alisuuza kile kikombe, akakipindua juu ya jiwe kikauke.

Hivyo ndivyo Nduta alivyokuwa. Alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, akavipaka rangi kila jioni, na akatembea zizini kwa ncha za vidole kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Alimdharau Nanzala, aliyesoma naye darasa moja, kwa kwenda shuleni miguu mitupu. Alimdharau Mwalimu Phineas kwa kiraka cha suruali. Zaidi ya wote aliwadharau wagonjwa. Alipopangiwa dawati na msichana mwenye kifafa, aliomba ahamishwe, na alipohama alijifuta mikono kwenye sketi polepole, ili kila mtu aone.

Kisha ikawa zamu yake. Alianza kwa kiu isiyokatika. Alikunywa maji mpaka tumbo likalia kama debe, akaamka kukojoa mara kwa mara, akala kama mtu mzima na bado akakonda. Wazazi wakampeleka hospitali ya mjini Eldoret. Daktari akawaeleza kwamba mwili wa mtoto huyu umeacha kutengeneza dawa yake yenyewe, ile inayoichukua sukari kutoka kwenye damu na kuifikisha inapohitajika. Kwa hiyo atadungwa dawa hiyo kila siku ya maisha yake, na asile vitu vya sukari. Wakapewa pia chupa ya dawa ya buluu. Dawa kidogo hutiwa katika kijibomba cha kioo pamoja na matone ya mkojo, kisha huchemshwa. Ikibaki buluu, ni vyema. Ikigeuka kijani, ni hadhari. Ikifika rangi ya matofali, mtoto yumo hatarini.

Nduta alisikia yote hayo akitazama ukuta. Njiani kurudi, baba yake alisema mambo hayo yasitoke nje ya nyumba. Watu watasema Mburu amekula vya wazungu mpaka mtoto wake akapata ugonjwa wa wazungu. Wacera aliogopa jambo jingine. Mtoto aliyewahi kuitukana chai ya Nabwire, leo akisema hawezi kuinywa kwa sababu ya ugonjwa, nani atamwamini? Watasema ni dharau ileile, imevaa koti la daktari. Basi wakakubaliana. Nduta atapokea kikombe kama kawaida, ajifanye anakunywa, kisha aimwage mferejini. Mwanzoni aliimwaga. Lakini watu wakitazama, anayetaka kuonekana mzima humeza. Akawa anameza.

Ndipo alipokuja Bi. Chepngetich. Alikuwa mwanamke kijana wa kazi ya ustawi wa jamii, aliyekuwa akimalizia masomo yake Nairobi, na hospitali ilimruhusu kuwatembelea wagonjwa wa sukari majumbani mwao. Hakuuliza kuhusu vipimo wala dozi. Aliuliza kuhusu moyo. Unaogopa nini? Unakasirika lini? Nani anajua, nani anacheka, unalia wapi? Aliamini kwamba dawa nyingi huharibikia nyumbani, mahali daktari asipofika, na alitaka kujua zinaharibiwa na nini.

Alifika zizini kwa miguu, buti zake za mpira zimejaa tope jekundu. Wacera akawahi kumpokea na kuwatangazia majirani kwamba huyu ni mama wa minyoo kutoka serikalini. Bi. Chepngetich alimtazama kidogo, asimkanushe. Baada ya muda mfupi wanawake watatu walikuwa wamepanga foleni wakitaka dawa ya minyoo, na Mzee Waweru, mwenye hisa aliyependa kusema kuliko kula, akataka kujua kwa nini serikali inamtuma msichana asiye na mkoba wa dawa.

Nyuma ya gunia mambo hayakuwa bora. Mburu alisikiliza maswali mawili, akasimama kuvaa kofia.

"Kwani serikali imemaliza matope ya barabara," akauliza, "hata sasa inapima huzuni?"

Akaenda zake. Wacera akasema hakuna shida yoyote, mtoto amekubali, wote wamekubali, tunamshukuru Mungu. Kisha akamletea mgeni chai ya sufuria ya Nabwire, na kwa kuwa mgeni hanywi peke yake, Nduta naye akapewa kikombe. Akakinywa chote, taratibu, kidole kidogo kimenyooka.

"Na ukikasirika, unamwambia nani?" Bi. Chepngetich alimwuliza.

Nduta alimtazama kama mtu anavyotazama doa kwenye nguo ya Jumapili. Mtu mzima, amesoma hadi Nairobi, anatembea kwenye tope kuuliza watoto kama wanalia.

"Sikasiriki," akajibu. "Wanaokasirika ni watu wasio na adabu. Mimi nimezoea."

Bi. Chepngetich alifurahi kumpata mtoto jasiri namna ile. Aliaga, akarudi mjini. Ndivyo ilivyo: hata mtu mwerevu akijibiwa kwa adabu hudanganyika. Kikombe alikiona, chai aliiona, na hakuuliza kuna nini ndani yake.

Haukupita muda mrefu, sorveya akamaliza kupima, na siku ya kupiga kura ya ploti ikatangazwa. Wenye hisa waliokuwa bado huko kwao wakafurika zizini. Wajomba, shangazi, wazee wenye mikongojo, watoto wa kila umri. Magunia yakashushwa ili nafasi ipatikane, watu wakalala kichwa kwa mguu kama mahindi ghalani. Pa kuficha mkebe wa sindano hapakuwapo tena.

Nduta alimwambia mama yake asijisumbue. Nesi alishamfundisha, atajidunga mwenyewe kule nyuma ya dipu, josho la kuogeshea ng'ombe, ambako watu hawaendi. Wacera, aliyekuwa na masufuria ya wageni shingoni, alimshukuru Mungu kwa kumpa binti aliyekomaa.

Binti aliyekomaa alikwenda nyuma ya dipu, akavuta dawa ndani ya bomba, akaidunga nyasi. Siku ya kwanza alijitetea kwamba hakuweza kuchemsha sindano bila kuonekana. Siku iliyofuata hakuhitaji utetezi. Wageni walikuwa wakimsifu kwa viatu vyake na Kiingereza chake. Hakuna aliyemjua kuwa mgonjwa, na yeye mwenyewe akaanza kusahau. Kuhusu kile kipimo, alichota maji ya tangi, akayatia kwenye dawa ya buluu badala ya mkojo, akayachemsha kwa kipande cha mshumaa. Yakabaki buluu kama anga la Januari. Akampelekea mama yake. Wacera akafurahi. Mtoto anazidi kupona, kumbe mtoto alikuwa akizidi kukonda.

Asubuhi moja Nanzala alikuja nyuma ya dipu kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto. Alimkuta Nduta amechuchumaa na kijibomba chake. Akaweka karai chini, akatazama.

"Hayo ni maji," akasema.

"Nenda zako."

"Nimekuona ukiyachota. Na jana nilikuona ukidunga nyasi. Nyasi zina minyoo?"

Nduta alisimama, akakung'uta sketi. Akamwuliza mtoto wa mkamuaji anajua nini kuhusu dawa. Nanzala akajibu kwamba hajui lolote, ila anajua ng'ombe dume ana haya kuliko mtu anayemdanganya mama yake.

"Nilidhani nyinyi wenye hisa hamuugui," akaendelea. "Kumbe mnaugua. Ila mnaficha, kama mwizi na kuku."

Hapo Nduta alisema neno ambalo mtoto hapaswi kuwa nalo mdomoni, lakini alikuwa amelisikia kwa wakubwa. "Fungua mdomo wako kwa mtu yeyote, nitamwambia baba. Kampuni itawatupa barabarani, wewe na mama yako na sufuria yenu. Hamna hata udongo wa kujaza kucha hapa."

Nanzala aliokota karai lake akaondoka. Alijua jambo lile linawezekana. Nyumbani kwao lilizungumzwa kila jioni kwa sauti ya chini.

Siku ya kura, uwanja mbele ya zizi ulijaa watu. Karani wa kampuni alitia vikaratasi vyenye namba ndani ya kofia ya mzee mmoja, na wenye hisa wakaitwa mmoja mmoja kuchovya mkono. Wazee walivaa makoti ya sherehe kwenye jua. Mzee Waweru alieleza kila mtu kwamba ploti nzuri ziko upande wa barabara, kana kwamba mkono una macho. Kulikuwa na irio, nyama, uji na soda. Nduta alikunywa soda, akanywa maji, akanywa tena maji, na kiu ikabaki palepale. Tumbo lilimkata. Alitapika nyuma ya tangi, akafukia kwa mguu, akarudi kusimama karibu na wageni. Alipoona uwanja unaanza kuzunguka, aliondoka kimyakimya, akaenda kujilaza kule kwenye dipu. Heshima yake ilimtaka afe bila kuonekana.

Nanzala ndiye aliyemwona akipepesuka, akamfuata kwa mbali. Alimkuta amelala ubavu, macho nusu wazi, akivuta pumzi ndefu za haraka kama mtu aliyepanda mlima kwa mbio. Pumzi yenyewe ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alimwita, hakuitika. Nanzala alisimama pale kidogo. Akisema, nyumba yao itaamkia barabarani. Akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba aliona chochote, na yule aliyekuwa akiwatisha atakuwa amenyamaza pia.

Akakimbia kumwita mama yake.

Nabwire alikuja mbio, akambeba Nduta mgongoni kwa leso, akapita katikati ya uwanja, katikati ya makoti na fimbo za heshima, mpaka kwenye kofia yenye namba. Mzee mmoja akamkemea kwamba huu si mkutano wa vibarua. Karani naye akasema mambo ya nyumbani yasubiri, jina linaloitwa sasa ni la Mburu. Mburu mwenyewe alikuwa amekunja mkono wa koti, mkono umeshaingia ndani ya kofia.

"Hana minyoo," Nanzala akasema, na sauti yake ikasikika hadi nyuma. "Ana ugonjwa wa sindano. Sindano alikuwa akidunga nyasi, na maji aliyompelekea mama yake ni ya tangi. Mkitaka kutufukuza, tufukuzeni, lakini yeye anakufa."

Mburu alimwangalia mtoto wake, akatoa mkono kwenye kofia mtupu kama ulivyoingia. Mzee Waweru akamshauri achukue namba kwanza, ni kitambo kidogo tu. Mburu alimpita kana kwamba amepita kisiki. Sorveya akawasha landrova yake, wakaingia, Nabwire bado amembeba Nduta, Wacera akishikilia vile viatu ambavyo mtu fulani alikuwa amevivua. Namba ya Mburu ilivutwa na karani, ikawa ploti ya bondeni penye maji. Hakuna aliyemsikia akilalamika.

Hospitalini walimtia maji mshipani na dawa yake, na kwa muda madaktari hawakutaka kuahidi kitu. Alipozinduka, daktari alimweleza wazi kwamba angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanachimba kaburi. Nduta akageukia ukuta, kama alivyofanya siku ile ya kwanza.

Bi. Chepngetich alikuja mchana, akavuta kiti.

"Leo sikuulizi kitu," akasema. "Mara ile uliniambia umezoea, nami nikaondoka nimefurahi kama mjinga. Nimekuja kukaa tu."

Akakaa kweli. Manesi walipita na vitoroli vyao, mgonjwa wa kitanda cha pili akakoroma, mvua ikaanza kwenye mabati, na bado amekaa. Ni vigumu kumdharau mtu asiyetaka chochote kutoka kwako. Nduta alijaribu, akachoka.

"Watanitazama," akasema mwishowe.

"Akina nani?"

"Wote. Watanitazama kama..." Akavuta shuka. "Kama mimi ninavyowatazama wao."

Akaeleza. Yule msichana wa kifafa, na jinsi alivyojifuta mikono. Nanzala na miguu yake. Chai. Alisema kila akiona sindano anahisi hasira hadi meno yanamuuma, na kwamba alipokuwa akiidunga nyasi alihisi ameshinda. Alimshinda nani, hakujua. Alilia, na pua ikamtoka bila kujali. Bi. Chepngetich hakumpigapiga mgongoni wala kumwambia kwamba yote yatakuwa sawa.

"Basi macho unayoyaogopa ni yako mwenyewe," akasema. "Sitakudanganya, wapo watakaokucheka. Wapumbavu hawamaliziki duniani. Lakini kicheko hakijamlaza mtu kwenye wodi hii. Kilichokulaza ni kuficha."

Kisha akatoka barandani kuzungumza na Wacera, ambaye alikuwa amekaa sakafuni na viatu mapajani. Wacera alisema alifikiri analinda jina la mtoto. Akaulizwa kwa upole mtoto mwenyewe alikuwa analindwa na nani. Akaviweka vile viatu sakafuni, akaingia wodini kukaa na binti yake.

Nduta aliporudi zizini, wageni walikuwa wameshaondoka na magunia yamerudishwa. Neno lilikuwa limeenea, kama maneno yanavyoenea mahali ambapo ukuta ni gunia. Bi. Chepngetich alikuwa amemwambia kwamba watu kusikia kwa uvumi hakutoshi, mtu lazima alitamke jambo lake kwa mdomo wake. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alidungwa na mama yake, gunia likiwa limefunguliwa, kisha akachukua kikombe chake akaenda kusimama kwenye moto na watu wengine.

Nabwire alikuwa anatia majani. Mkebe wa sukari ulikuwa mkononi mwake.

"Mama Nanzala," Nduta akasema, "naomba chai yangu isiwe na sukari. Nina ugonjwa wa sukari. Sikuwa na minyoo."

Mzee Waweru hakuiacha nafasi hiyo ipite bure. "Ugonjwa wa matajiri," akasema, "na mwenyewe analala penye ng'ombe." Wengine wakacheka. Miguu ya Nduta ikataka kumbeba nyuma ya gunia. Akaikaza ibaki pale.

"Na siku ile nilisema chai yako inanuka ng'ombe," akaendelea, akimtazama Nabwire peke yake. "Haikunuka. Nilisema ili watu wanione mimi ni nani. Na nilimtisha Nanzala kwamba mtafukuzwa. Yeye akaniokoa. Nisameheni."

Nabwire alimwangalia, jicho moja limefumba kwa moshi.

"Nilijua hainuki," akasema. "Mimi ndiye niliyeipika."

Kisha akauweka ule mkebe juu ya jiwe kando ya moto, akachomeka kijiko. Akasema kuanzia leo sufuria itachemka bila sukari, na anayeitaka ana mikono. Mzee Waweru akalalamika kwamba sukari isiyochemka na majani haina ladha, hiyo ni chai ya hospitali. Nabwire akamjibu bila kugeuka kwamba ana ruhusa ya kupika yake. Kuni ziko nyingi sana huko mbali, Timboroa, na mguu wa mtu haukatazwi na kampuni. Safari hii kicheko kilimwendea mwingine. Mzee akajitilia sukari mwenyewe, vijiko vingi vya hasira.

Mburu alisimama na kikombe chake mbele ya wenye hisa wenzake akasema kwamba kampuni ikiwagusa Nyongesa na Nabwire, ijiandae kwanza kumgusa yeye. Wapo walioguna. Hatimaye familia ile iliachiwa pembe ya shamba karibu na dipu, mahali ambapo mwenye hisa yeyote asingepataka, lakini waliachiwa.

Siku ziliendelea. Kijibomba cha kioo hakikubaki buluu kila mara. Kulikuwa na asubuhi za kijani na hata za rangi ya chungwa, na Nduta akamwonyesha mama yake kama kilivyo. Bi. Chepngetich aliporudi na maswali yake, alijibiwa bila kidole kunyooka, mengine kwa hasira na mengine kwa machozi, na Nanzala akikaa karibu kurekebisha palipopungua ukweli. Shuleni, Nduta aliomba arudishwe kwenye lile dawati la zamani. Yule msichana wa kifafa hakumkaribisha kwa shangwe. Alisogea kidogo tu, na Nduta hakustahili zaidi ya hapo.

Jioni moja Nduta alikuwa amesimama kando ya moto, hajui aketi wapi. Bado alikuwa hajajifunza kuwa mtu wa kawaida. Nabwire akamwita.

"Sikiliza, mtoto," akasema. "Dharau ni kama kuni mbichi. Unakoka moto ili moshi uwafukuze wengine, kisha upepo unageuka, na macho yanayotoka machozi ni yako. Na ugonjwa ukiufunika haupoi, unaoza. Aliye na kidonda husema nina kidonda, ndipo watu wajue wasimkanyage. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi usisimame hapo kama mgeni. Nenda na Nanzala mkalete kuni. Ugonjwa wako hauko mikononi."